Mafundi mnaong'oa themostati za watu, Altezza yangu imeunguza gasketi kwa sababu yenu!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Yamenifika shingoni.

Kwanza nieleweke: gari yangu haikuwa na ugonjwa wa kuchemsha. Ni Altezza RS200 ya gia sita, injini 3S-GE, ile ya nguvu farasi 210. Huwa naipeleka Whistling Morans, uwanja wa mbio za magari kule Athi River, Kenya, kuikimbiza, maana barabara zetu hapa Arusha zimejaa tochi na bodaboda. Ukivuka Namanga, barabara yenyewe inakutoa Athi River, na huko unakanyaga mafuta bila kumhofia mtoto wa mtu.

Kabla ya safari hii nikaipeleka gereji moja hapa mjini kwa kazi moja tu: kubadili mkanda wa timing na pampu ya maji. Basi. Sikulalamikia joto, sikulalamikia feni, sikumwomba mtu ushauri. Nikarudishiwa gari, nikalipa, nikaendesha mjini wiki nzima ikiwa shwari kabisa. Nikaenda zangu Kenya.

Mizunguko ya mwanzo, ile ya kupasha tairi, hakuna neno. Nilipoanza kuisukuma injini hadi mizunguko 7,000 kwa dakika kila gia, geji niliyofunga mwenyewe (siuamini mshale wa dashibodi, nitaeleza) ikaanza kupanda. Nyuzi 94, 99, 104. Nikalegeza mguu, haikushuka inavyotakiwa. Ilipogusa 113 nikatoka uwanjani polepole, hita nimeifungua mwisho, miguu inaungua kama nimekanyaga jiko. Mshale wa dashibodi muda wote huo umetulia katikati, hauna habari! Wakuu, ile mishale ya kiwandani imetengenezwa isitikisike ili dereva asipate presha. Maji yakiwa 80 uko katikati, yakipita 100 bado uko palepale. Unapokuja kunyanyuka, hedi (kichwa cha injini) imeshaanza kujipinda. Kama unakimbiza gari, funga geji yenye namba.

Kufika kwenye maegesho, kijana mmoja mwenye roho nzuri akakimbilia mfuniko wa rejeta na kitambaa mkononi. Nilimpigia kelele mpaka watu wakageuka. Maji yaliyoshikiliwa na presha kwenye joto hilo, ukifungua tu yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Yeye alitaka kusaidia, simlaumu. Ninayemlaumu yuko Arusha.

Gari ilirudi nyumbani imebebwa. Rejeta inatoa mapovu injini ikiwaka, na moshi mweupe nyuma. Nikatafuta fundi mwingine, mzee mmoja anayefanya kazi taratibu, tukafungua pamoja nikiwa nimesimama pembeni yake. Sasa sikilizeni tulichokuta.

Nyumba ya themostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupozea injini kulingana na joto: tupu. Hakuna kitu ndani. Kuna silikoni nyekundu tu imepakwa kama mtu anapaka siagi kwenye mkate, imefurika pande zote. Vipande vya silikoni hiyohiyo vikawa vimesafiri mpaka kwenye rejeta. Mzee alivuta kimoja kwenye mdomo wa mrija kwa kibanio, kirefu kama mnyoo, akanionesha bila kusema neno. Mirija yenyewe ni myembamba, we unaipelekea gundi! Maji nayo yalikuwa ya bomba matupu, kulanti yangu (ile dawa ya kupozea injini) imemwagwa na haikurudishwa, na kutu imeshaanza.

Nikampigia yule wa kwanza. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Bro, hizi themostati ni za nchi za baridi. Huku kwetu zinazuia maji, nimekusaidia."

Amenisaidia!

Haya, tufundishane, kwa sababu najua humu kuna wengi wanaoamini hivyo. Themostati ya Toyota nyingi za aina hii ina visahani viwili, siyo kimoja. Kimoja kinafungulia maji yaliyopozwa na rejeta yaingie kwenye injini, joto likifika nyuzi 82 au karibu na hapo. Cha pili, wakati huohuo, kinaziba njia ya mkato ambayo maji hupitia kuzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini vilevile ilivyotoka. Mjini hutaona kitu, kwa sababu kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika injini haitoi joto la kutisha, hata rejeta ikipata nusu ya maji inatosha. Asubuhi ndiyo kabisa, injini inakaa baridi muda mrefu, inakula mafuta na kujichakaza, na wewe unafurahi kwamba mshale uko chini. Siku ukiikanyaga dakika kumi mfululizo ndipo deni linadaiwa.

Na ile hadithi nyingine ya vijiweni, kwamba bila themostati "maji yanapita kasi mno hayapati muda wa kupoa", nayo muiache. Maji yakienda kasi yanabeba joto zaidi, siyo pungufu. Tatizo ni yanapopita, siyo mwendo.

Sijamaliza. Mfuniko wa rejeta uliokuwa kwenye gari haukuwa wangu. Wangu ulikuwa umeandikwa 1.1, yaani unashikilia presha ya karibu baa 1.1, na huu umeandikwa 1.1 vilevile, ila mpira wake umekauka. Mzee akaufunga kwenye pampu ya kupimia, ukaachia kwenye nusu baa. Mtu atasema mfuniko tu jamani! Wakuu, Athi River iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kule maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni presha ya huo mfuniko. Ukishika 1.1 sawasawa, maji matupu yanavumilia mpaka karibu nyuzi 119. Ukiachia nusu baa, yanachemka kwenye 108. Na huwa yanaanzia pale kwenye joto kali zaidi, karibu na valvu za moshi, kwa hiyo geji inasoma 104 huku kwenye hedi kuna mvuke tayari. Mvuke hauondoi joto kwenye chuma kama maji. Hapo ndipo ilipokwenda gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku.

Halafu kava la chini, lile linalofunika injini kwa chini. Hili ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu halitoki kwa bahati mbaya, linafunguliwa bolti moja moja. Kila gereji wanalitoa kumwaga oili, na kila gereji wanalo rundo lao kwenye kona. "Hilo ni la kuzuia tope tu mkuu." Siyo la tope! Hewa haipiti kwenye rejeta eti kwa sababu tu gari linakimbia. Inapita kwa sababu presha ya mbele ni kubwa kuliko ya nyuma ya rejeta. Ukitoa kava, hewa ya chini ya gari inajaa chumba cha injini, presha ya nyuma inapanda, na ile ya mbele inatafuta upenyo pembeni. Ndiyo maana wanaokimbiza magari kwa dhati huziba mpaka mianya ya kando ya rejeta kwa sponji au bati. Wewe unatoa hata kile cha kiwandani.

Jumla ya maumivu: kubebwa, kuchongesha hedi, gasketi, themostati mpya, mfuniko, kusafisha rejeta, imepita milioni moja na nusu. Nimemdai aliyefanya haya, anasema hizi gari "siyo za mashindano" na mimi ndiye niliyeiua. Nimempelekea picha za silikoni, ameacha kupokea simu.

NYONGEZA: Mnaoniambia nifunge rejeta kubwa ya aluminiamu, asanteni, lakini kubwa bila hewa kupita ni pambo. Nitaanza na vilivyokuwepo. Kitakachoongezwa ni kipozeo cha oili, maana oili nayo ikizidi nyuzi 130 inakuwa nyepesi na hakuna anayeitazama.

Aliyeuliza kuhusu kulanti: ile ya nusu kulanti nusu maji ni nzuri kwa matumizi ya kila siku, inazuia kutu na inachelewa kuchemka. Maji matupu yanabeba joto vizuri zaidi, ndiyo maana wengine uwanjani hutumia maji yaliyokenekwa (distilled) pamoja na dawa ya kutu, na viwanja vingi vya nje vinakataa kulanti kwa sababu ikimwagika barabara inateleza. Maji ya bomba peke yake, hapana.

Na wewe unayesema "fundi alikosea kibinadamu": kusahau bolti ni kukosea. Kung'oa kitu kizima, ukaziba na gundi, na usimwambie mwenye gari, kuna jina lake lingine.

Mwenye kava la chini la SXE10 (ndiyo kodi ya Altezza yangu), lililo zima na lenye bolti zake, anicheki PM. Nipo Arusha, hata likiwa Moshi nalifuata.