Afisa ustawi wa jamii na habari za miti: wapi na wapi?

Mwananzengo_Kgm: Wadau, mwanangu anasomea ustawi wa jamii, yuko mazoezini hapa Kigoma. Msimamizi wake anataka mazingira yaingie kwenye mtaala: watoto walime bustani, mteja atolewe ofisini, familia iangaliwe pamoja na maji na shamba lake. Mimi naona ni kuongeza ada tu.

Dagaa_Mkavu: Mimi niko kwenye kazi hiyo. Kuna mtoto alikaa ofisini siku tatu hasemi, anakodolea feni. Nikaenda naye mwaloni Kibirizi, akakaa na kina mama kuchambua dagaa, anatoa mawe. Macho kwenye ungo, mdomo ukafunguka wenyewe.

Kaka_wa_Nzega: Hongera. Na mama anayedai matunzo ya watoto, hana nauli ya mahakamani, naye achambue dagaa? Watu wa Kigoma kila kitu ziwa.

Migebuka: Afadhali ziwa. Nyie Tabora mmemaliza miombo kukaushia tumbaku!

Kaka_wa_Nzega: Tumbaku hiyo imenisomesha. Na asali mnayotia kwenye chai mnadhani imetoka Gombe?

Bibi_Ujiji: Asali sawa, tunawaachia. Ila kwa maembe msijaribu. Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe wetu, 1872.

Kaka_wa_Nzega: 1871, bibi. Hiyo 1872 walikuwa kwetu Tabora, pale Kwihara. Na mwembe wenyewe ulishakufa, mnaonyesha wageni watoto wake.

Bibi_Ujiji: Mtoto wa mwembe si mwembe? Wewe ukizaa unazaa mgomba?

Migebuka: 😂😂 Kaka jibu.

Kasulu_Mjini: Mnabishana maembe. Mimi nimefanya kazi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iko pale tangu 1996. Kesi za wanawake nilizopokea, nyingi zilianzia kwenye kuni. Anatoka alfajiri, karibu hakuna kitu, anazidi kwenda, mbele anakutana na mwenye shamba au na watu wabaya. Unamwita kwa ushauri nasaha, analia, unaandika faili, kesho anarudi porini kulekule. Afisa asiyejua kuni zinaokotwa wapi anamshauri nini?

Kaka_wa_Nzega: Nani anabishana maembe? Mimi nimesahihisha mwaka tu.

Dagaa_Mkavu: Na mimi sijasema kila mteja apelekwe Kibirizi. Mtu asome kabla ya kujibu.

Mwananzengo_Kgm: Jamani, sasa mwanangu amwambie nini msimamizi?

Bibi_Ujiji: Huyo kijana wa Nzega bado hajanijibu la mgomba.