Tupeane uzoefu: karata zikikugomea wiki nzima, unafanyaje?

Mwenye uzi, Kikwajuni

Assalam aleikum wanabaraza wenzangu. Nauliza kwa dhati, na naomba kila mmoja anijibu kwa yaliyomfika mwenyewe. Mchezo wetu ni wahedi wa sitini, yaani sitini na moja, watu wanne, wawili kwa wawili, hata senti moja haitiwi. Tunaanza baada ya isha mpaka saa tano. Mwenzangu ni yule yule, mwaka wa kumi na moja huu.

Wiki tatu sasa karata zimenikataa. Juzi niligaiwa mara saba, na mara tano sikuwa na ree, ile karata ya A. Mkono wa mwisho nilizifungua moja moja kama kawaida yangu, nikizisukuma kwa dole gumba: mbili ya pau, nne ya pau, tano ya kopa, sita ya kopa, tatu ya shupaza, mpaka nikaimaliza ya kumi sijaona mzungu hata mmoja, zile za picha, wala seti, yaani saba. Turufu, ile aina inayozishinda nyingine, ilikuwa uru, nami uru sina. Mwenzangu alinitazama huku kikombe kiko mdomoni. Sikusema kitu, lakini uso wangu alishausoma, na wapinzani wakausoma vile vile. Karata ya tatu niliipiga chini kwa kishindo, kikombe kikapinduka, kahawa ikatapakaa juu ya karata. Nikanyanyuka nikaondoka. Nilipofika mlangoni kwangu ndipo nilipohisi baridi ya saruji: nimekwenda miguu mitupu.

Alfajiri natoka msikitini, namkuta mwenzangu nje kashika makubadhi yangu. Kanipa, kanigusa bega, kenda zake. Tangu juzi sijarudi barazani. Angenigombeza ningejua la kumjibu.

Nyinyi mnavumilia vipi?

Mzee wa Mkunazini

Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyoniponya mimi. Vijana wanaosoma hapa nao wajue hesabu, yaani pointi, za kila karata: ree ni 11, seti ni 10, mzungu wa nne ni 4, wa tatu ni 3, wa pili ni 2, majina yao yenyewe yanakwambia. Kila aina ina 30, aina nne 120, na mwenye 61 kashinda. Mkishaitoa nane, tisa na kumi zinabaki karata 40, kila mtu kumi.

Sasa sikiliza. Katika kila mikono 10 unayogaiwa, kiasi cha mikono 3 haina ree. Wewe na mwenzio nyote kukosa ree ni kama mara 5 katika 100. Kukosa turufu kabisa, ikiwa siye wewe uliyegawa na kubaki na ile karata iliyofunuliwa kuonyesha turufu, ni mara 1 katika 21. Mkicheza mikono saba kila usiku, wewe peke yako jambo hili litakufika kiasi cha mara moja kila siku nne. Si hasadi ya jirani, si kiti ulichokalia. Karata zikishachanganywa na kukatwa hazijui jana nani alishinda.

Mimi nilisota hivyo miaka ya sabini, barazani Malindi, kijana wa miaka ishirini na mbili. Niligeuza kofia, nikahama upande, nikakataa kukatiwa na mtu fulani nikidai ana mkono mzito. Rafiki wa baba yangu akanichukua pembeni akaniuliza: "Mkono wako una hesabu ngapi?" Nikamwambia hauna hata moja. Akasema: "Basi huna cha kuwapa wao." Ilinichukua siku nyingi kuelewa.

Ukiwa na mkono kama ule wako, hesabu zote 120 ziko kwa watu watatu, na mmoja wao ni wako. Kila mpinzani anapokula karata za mezani, wewe unamwekea tatu, unamwekea sita, hapati kitu kutoka kwako. Mwenye ree na seti nyingi ndiye anayeweza kuzipoteza. Kazi yako wewe ni kukumbuka: turufu ngapi zimeshatoka, nani kakosa kufuata shupaza, seti ya pau imebaki kwa nani. Ukishika zamu ya kuanza, ambayo utaishika mara chache, toa aina ile ambayo mwenzio kaishiwa, ili kiturufu chake kidogo kile ree ya watu.

Mchezaji namjua kwa mkono wake mbovu. Kwenye mkono mzuri wote tunafanana.

Mama Michenzani

Mie nisiyekaa barazani niseme langu. Mnakumbuka umeme uliopotea Unguja nzima, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Miezi mitatu. Nilikuwa nimeolewa mwaka ule ule, tunakaa na wifi yangu nyumba moja, na hatuelewani. Jioni hakuna televisheni, hakuna feni, watoto wamelazwa sakafuni kwa joto. Mama mkwe akatoa karata. Akatuweka mimi na wifi upande mmoja makusudi, yeye na dada yake upande wa pili.

Tulifungwa kila usiku. Sitii chumvi, kila usiku. Kwa kibatari kopa na uru zote ni nyekundu tu, inabidi uisogeze karata karibu na utambi mpaka inanuka moshi, na ukishafanya hivyo wenzio washajua una nini. Nilikuwa nikipata karata mbovu, na wifi mbovu zaidi. Wiki ya kwanza tukilaumiana. "Kwa nini hukuitoa ile ree?" "Ningeitoa na nini?" Wiki ya pili tukanyamaza. Sijui ilikuwa usiku wa ngapi, nilipandisha macho nikamwona anazipanga zake, mbovu, nazijua kwa vile alivyokaza mdomo, akanitazama akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayesema pole. Nami nikatikisa changu.

Hatukushinda usiku ule. Lakini asubuhi alinichotea maji. Yule mtu siku hizi ndiye ninayempigia simu kabla ya mama yangu, na yeye anakaa Muscat.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kikwajuni, yule aliyekuletea makubadhi usimwache akae peke yake barazani.

Mtoto wa Mtambwe

Niko Pemba. Langu ni la dago la karafuu, yaani kambi ya wachumaji, na si zuri.

Msimu mmoja ilinyesha siku sita. Mvua ikinyesha hupandi mti, na zilizokwisha chumwa hazikauki, unazikusanya kwenye majamvi unazifunika, ukiikosa saa moja ya jua unaiona pesa yako inageuka rangi mbele ya macho. Tukacheza karata mchana na usiku. Sikupata mkono. Siku ya nne tukakubaliana, mie na mwenzangu, tukonyezane: kugusa sikio ni ree, kugusa kidevu ni seti. Tukaanza kushinda.

Siku ya sita jua lilitoka. Tunachambua makonyo, mzee mmoja tuliyemfunga jana yake kakaa pembeni yangu, akasema taratibu bila ya kuniangalia: "Sikio lako linapona?" Basi. Hakumwambia mtu. Nilichuma msimu mzima nikiwa na aibu ile shingoni. Kupata karata mbovu siku nne ni jambo dogo, jama, na mie nililifanya kubwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Baharia mstaafu, Bububu

Nimekaa melini miaka 19 na huko ndiko nilikoujua mchezo wa poka. Ule unachezwa kwa karata zote 52, na kwa namna tuliyocheza sisi kila mtu anapewa mbili za siri. Upate jozi katika hizo mbili ni mara 1 katika 17. Upate ree mbili, mara 1 katika 221. Kwa hiyo kwenye poka karata mbovu ndiyo hali ya kila siku, na wale mabaharia hodari niliowaona wakizitupa nyingi kuliko walizozicheza. Hakuna anayekulazimisha. Unazirudisha chini, unakunywa chai yako, unawatazama wenzio wanachezaje. Nilijifunza mengi kuhusu watu katika mikono ambayo sikuicheza.

Tulichezea njiti za kiberiti. Zilipobadilishwa kuwa pesa nikaona watu wazima, wenye watoto, wanashindwa kuzitupa. Mtu kakaa saa tatu bila ya karata, anapata jozi ya tano, anaiona kama wahyi. Anatia mshahara wa nusu mwezi kwa sababu amechoka kungoja. Mmoja alikuwa rafiki yangu wa chumba kimoja. Nilimwazima nauli ya kutoka bandarini hadi kwao, na safari ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwangu kukaa kwenye meza yenye pesa.

Wahedi wa sitini haukuruhusu kutupa. Zote kumi utazicheza, na kuna mtu mbele yako anazingoja. Kwangu hilo ni gumu kuliko poka, na ndiyo maana nimeurudia uzeeni. Lakini subira ile ya kukaa na kutazama nilitoka nayo kule.

Fundi wa Wete

Mimi karata zikinigomea mikono mitatu mfululizo nafanya jambo moja: naomba mimi nipike kahawa, anakaa mtu mwingine mahali pangu mikono miwili. Nikirudi karata ni zile zile mbovu, ila mimi nimepoa.

Mama Michenzani

Hilo la kahawa ni kweli kabisa. Sisi tulikuwa tunakwenda kuwafunika watoto.

Mwenye uzi, Kikwajuni

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mzee wa Mkunazini, swali lako la "mkono wako una hesabu ngapi" nililiandika kwenye karatasi nikalitia mfukoni.

Jana baada ya isha nilikwenda. Niliwasalimu, nikamwomba mwenzangu radhi mbele ya wote wawili, kwa kuwa nilimwondokea mbele yao. Akasogea akanipisha. Karata ni mpya, zile za kahawa ziliharibika. Nikagaiwa: ree hamna, turufu moja, nne ya kopa. Nilihisi kifua kinapanda kama juzi. Nikazihesabu hesabu zangu, zikawa 5 tu, mzungu wa tatu na wa pili. Nikakaa.

Wakala shupaza mbili, nikawawekea tano na sita. Mara ya tatu nikamaliza pau zangu, na ilipotolewa ree ya pau nikaila kwa ile nne ya kopa. Mwenzangu alitia seti yake juu papo hapo, bila ya kufikiri, kama aliyekuwa anaingoja. Mpinzani wangu wa kulia akasema, "Aa!"

Mwisho tukahesabu juu ya jamvi. Wao 63, sisi 57. Mwenzangu akazikusanya, akazipigapiga kingo mpaka zikakaa sawa, akanipa mimi nizichanganye.