MREJESHO: Kijana wangu mwenye ADHD na tebo zilizogoma kuingia

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu kijana wangu wa darasa la tatu. Daktari alishathibitisha ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtoto apate shida kutulia na kuzingatia), tebo za kuzidisha hazikai kichwani, na kazi za nyumbani zinaishia kwa kilio. Asanteni mno.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni mpira. Anaudundisha ukutani uani, kila mdundo jibu: saba, kumi na nne, ishirini na moja… Akikosa anaanza upya, tena anacheka. Tebo ya saba sasa anayo, ya nane inasuasua. Majirani wamechoka na kelele, watanisamehe.

Kugawa kazi vipande vya dakika kumi kumesaidia pia, ila katikati lazima asimame, aruke kamba au achote maji. Mwalimu naye alikubali kumhamishia mbele, mbali na dirisha.

Ratiba ya picha ukutani aliifurahia siku za mwanzo tu. Kumnyima sukari niliacha, daktari kasema haisababishi ADHD. Imla bado mbovu, na madaftari bado anayasahau shuleni. Mwenye mbinu ya madaftari anishtue.