Jersey kwa mkataba wa msimu, au Uswisi kwa shule ya hoteli?

Kutoka: Doha

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Mimi ni kijana wa Likoni, nipo Doha jikoni kwenye hoteli. Mkataba unakaribia kwisha na sitaki kuongeza. Nimepata kazi ya upishi ya msimu Jersey, kile kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa. Wakati huohuo binamu yangu aliyeko Uswisi ananihimiza nikasome diploma ya hoteli huko, anasema nchi ile ukishaingia umeingia. Ada itabidi niuze kiwanja alichoniachia marehemu baba. Nina mke na mtoto wa miaka 11. Mama anasema nifuate mshahara. Mlioishi huko naombeni ushauri, nitalazimika kujibu hoteli karibuni.

Kutoka: Lausanne

Marahaba mdogo wangu. Kiwanja kwanza usiuze. Soma mpaka mwisho ndipo uamue.

Nilifanya kazi za hoteli Jersey kabla ya kuolewa huku Uswisi, na mara nyingi nasikia watu wakilinganisha pande hizi mbili kwa mshahara na baridi. Linganisha vibali. Jersey si nchi huru, na si sehemu ya Uingereza pia. Iko chini ya Taji la Uingereza, ina bunge lake, kodi zake na sheria zake za nani afanye kazi na nani akae nyumba ipi. Lakini haina uraia wake: anayefika mwisho wa safari anapata uraia wa Uingereza. Uswisi ni dola kamili yenye kantoni 26, na kila kantoni ina neno lake katika kibali chako, kodi yako na hata uraia wako.

Jersey ni kilomita za mraba kama 120, na sensa ya 2021 ilihesabu watu 103,267. Ukielewa ufinyu huo utaelewa kila kitu kingine pale. Tangu sheria ya makazi na kazi ya 2012, kila mkazi yumo katika daraja. Mgeni wa kawaida huingia akiwa ameandikishwa tu. Akikaa miaka mitano mfululizo anaruhusiwa kuomba kazi yoyote kama wenyeji. Akifikisha kumi ndipo anapata haki kamili ya makazi. Kabla ya hapo huwezi kununua nyumba, na huwezi kupanga nyumba yoyote unayoiona na kuipenda. Unakaa nyumba za wafanyakazi, nyumba za kupangisha vyumba, au unapanga chumba ndani ya familia ya mtu. Hata ukiwa na pesa mkononi, zile nyumba nyingine si zako.

Na wewe hata ngazi hiyo ya kwanza huna hakika nayo, kwa sababu kibali cha msimu ni kitu kingine kabisa. Ni cha muda, kimefungwa kwa mwajiri aliyekuombea, hakileti mke wala mtoto, na hakikupeleki kwenye makazi ya kudumu. Msimu ukiisha, unaondoka. Nimeona vijana wa Kenya na wa Ufilipino wanakuja, wanaondoka, wanarudi tena, na wanafanya kazi nzuri sana. Lakini aliyekwenda akidhani anajenga maisha pale aliumia.

Sasa uzuri wake, maana upo na ni mkubwa. Kima cha chini cha mshahara kilipanda kuwa pauni 13 kwa saa Aprili 2025. Kodi ya mapato haizidi asilimia 20, na kodi ya bidhaa ni asilimia 5. Lugha ni Kiingereza, siku ya kwanza jikoni unaelewa unachoambiwa. Mwajiri akikupa malazi anaruhusiwa kukata sehemu ya mshahara, lakini kuna kikomo cha kisheria; uliza kiasi hicho kiandikwe ndani ya mkataba, pamoja na idadi ya watu katika chumba. Mtu asiye na anasa anarudi nyumbani na kitu cha maana. Na kwa mtoto wa Likoni bahari ipo, ingawa maji kujaa na kupwa kwake ni kwa ajabu, tofauti inafika mita 12.

Jiandae na upweke wa kisiwa pia. Ukungu ukishuka, uwanja wa ndege unasimama. Novemba 2023 kimbunga Ciarán kilipiga pale, mapaa yakang'oka, familia zikahamishiwa hotelini. Na jambo lililokuwa likiniuma: siku isiyo na mawingu, ukisimama pwani ya Gorey, huko huko Jersey, unaiona pwani ya Ufaransa, kilomita ishirini na kitu tu, na huwezi kuvuka kwa sababu pasipoti yetu inataka viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa na Uswisi zikiwemo. Leo nikiwa na kibali cha Uswisi napanda meli hapa Lausanne, nashuka Évian upande wa Ufaransa, narudi jioni.

Ila binamu yako anapokwambia ukishaingia umeingia, hajasema mlango wenyewe ulivyo. Raia wa nje ya Ulaya wanaoajiriwa Uswisi wamewekewa kikomo, vibali 8,500 kwa mwaka kwa nchi nzima, na mwajiri lazima athibitishe kwamba hakumpata Mswisi wala mtu wa Umoja wa Ulaya. Mpishi wa kawaida hapiti hapo. Kwa shule utapita, lakini kibali cha masomo ni cha masomo. Unaonyesha fedha za kujitunza, unaruhusiwa saa 15 za kazi kwa wiki baada ya miezi sita ya mwanzo, na mafunzo ya vitendo yaliyo ndani ya mtaala. Ukihitimu chuo kikuu au chuo cha ngazi hiyo unapewa miezi sita ya kutafuta kazi, na kazi yenyewe iwe ya kiwango cha juu. Ndiyo maana uliza mapema: diploma hiyo inatambuliwa na serikali ya shirikisho, au ni karatasi ya shule yenyewe? Waulize kwa barua pepe, wajibu kwa maandishi.

Gharama huku zitakushangaza. Bima ya afya ni lazima, unajiandikisha ndani ya miezi mitatu, na malipo ya mwezi hayaangalii kipato chako. Mtu mzima anachagua kiasi atakachobeba mwenyewe kwanza, kuanzia faranga 300 hadi 2,500 kwa mwaka; juu ya hapo analipa asilimia 10 ya matibabu mpaka faranga 700. Kijana mwenye afya huchagua 2,500 ili malipo ya mwezi yapungue, lakini basi aweke akiba hiyo pembeni kweli. Kupanga nyumba wanataka cheti cha ofisi ya madeni kinachoonyesha hudaiwi, na dhamana ya mpaka kodi ya miezi mitatu.

Kutoka: St Helier

Dada wa Lausanne amesema kweli kuhusu msimu, lakini asiachwe mtu akadhani Jersey yote ni hivyo. Mimi ni muuguzi hapa Jersey, niliajiriwa hospitali nikiwa chini ya leseni ya mwajiri. Daraja hilo linaniruhusu kupanga nyumba ya kawaida, hata kununua ya kuishi mwenyewe, mradi nibaki kwenye kazi yenye leseni. Mume na watoto wako nami. Baada ya miaka mitano mtu wa njia hii anaomba ukaazi wa kudumu, kisha mwaka mmoja mbele anaweza kuomba uraia wa Uingereza. Kisiwa ni kimoja lakini tunaishi maisha mawili tofauti, inategemea uliandikwa nini siku ya kwanza.

Kwa ndugu wa Doha: daktari wa kawaida hapa unamlipa kila ukimwona. Ruzuku inaanza baada ya kuishi miezi sita na kuchangia hifadhi ya jamii, kwa hiyo angalia meno na macho yako huko Doha kabla hujatoka. Na noti za Jersey, hata ya pauni moja ambayo huku bado ipo, zibadilishe kwa noti za Benki Kuu ya Uingereza kabla ya kwenda likizo. Thamani ni sawa, ila ukitoka nje wengi hawazipokei.

(Babangu kule Nyandarua ana ng'ombe wa Jersey. Nilipomtumia picha ya hawa wa hapa, wenye asili yao, aliniuliza wanatoa lita ngapi kabla hajaniuliza hali yangu.)

Kutoka: Fribourg

Ndugu zangu, mimi ni wa Bukavu, niliingia Uswisi kwa ukimbizi, nikapanda ngazi moja moja. Naongeza yale ambayo binamu wa kijana huyu angepaswa kumwambia.

Kwetu sisi tusio wa Ulaya, kibali C, yaani cha ukaazi wa kudumu, kwa kawaida ni baada ya miaka kumi. Mtu aliyejenga maisha vizuri na kujua lugha anaweza kukiomba baada ya mitano. Uraia unataka miaka kumi na hicho kibali C, na unapitia wilaya, kantoni na shirikisho. Wanaangalia lugha, madeni, na kama ulichukua msaada wa jamii katika miaka mitatu ya mwisho. Majirani wanaweza kuulizwa kuhusu wewe. Ni kazi ndefu lakini ina heshima, kwa sababu sheria imeandikwa na kila mwaka unaona umesogea. Wenye asili ya Kongo na Tanzania wakumbuke kuwa nchi zetu hazikubali uraia pacha. Mkenya ana ruhusa tangu katiba ya 2010.

Sanduku la pensheni nalo. Raia wa nchi isiyo na mkataba wa hifadhi ya jamii na Uswisi, kama Kenya, akiondoka moja kwa moja baada ya kuchangia angalau mwaka mmoja, anaweza kudai michango ya nguzo ya kwanza, yaani pensheni ya serikali, irudishwe. Wengi wanarudi nyumbani bila kudai. Na leseni ya gari: ibadilishe ndani ya miezi 12. Kwa leseni za kwetu unafanya mtihani mmoja wa barabarani, ukianguka hakuna wa pili, unaanza na leseni ya mwanafunzi.

Kutoka: Doha

Nawashukuru sana, nimesoma mara kadhaa. Mambo mawili bado. Huyu mtoto wangu: nikienda Uswisi ningemleta lini? Na sisi ni Waislamu, chakula na msikiti vipi?

Kutoka: Lausanne

Hilo la mtoto ndilo nililotaka uulize. Kuunganisha familia kuna tarehe za mwisho, kwa kawaida miaka mitano, lakini mtoto akishavuka miaka 12 una miezi 12 tu ya kuomba. Wako ana 11. Ukiwa mwanafunzi utatakiwa kuonyesha nyumba ya kutosha na fedha za watu watatu, na hutakuwa nazo. Utakapozipata, muda wake utakuwa umepita, na kufungua ombi lililochelewa kunataka sababu nzito. Nimekaa na mama mmoja hapa akilia kwa jambo hilihili, mtoto alikua kwa bibi mpaka akawa mtu mzima. Binamu yako hana mtoto, ndiyo maana halioni.

Kuhusu dini, Geneva ina msikiti mkubwa Petit-Saconnex tangu 1978, na miji mingi ina vituo vya ibada. Minara mipya ilikatazwa kwa kura ya wananchi 2009, ila swala haikukatazwa. Kuchinja bila kumzimisha mnyama kwanza kumepigwa marufuku tangu 1893, hivyo nyama ya halali huagizwa kutoka nje na bei yake si mchezo. Samaki tunakula zaidi.

Ushauri wangu: nenda Jersey ukijua ni msimu, umwambie na mke wako hivyo kwa maneno yaleyale. Weka akiba, omba barua ya kazi kila msimu, na tafuta cheti cha upishi kinachotambulika. Kiwanja kibaki. Uswisi ije kwa ufadhili, au kwa chuo chenye kutambuliwa ambacho akiba yako inatosha kukilipia, na kabla ya kuomba umpigie hesabu mtoto kwanza.

Kutoka: St Helier

Kaka, ufute majina kwenye huo mkataba kisha unitumie. Nitaangalia makato ya malazi, saa za ziada, na nani analipa tiketi ya kurudi. Usitie saini kabla sijakujibu.