Tupeane uzoefu: ekstensheni gani (viprogramu vya kuongezea) umeweka kwenye brauza yako, na ipi uliitoa mbio?

Fundi wa Steshenari

Wakuu habari za saa hizi. Naanzisha huu uzi kwa sababu kilichonikuta ofisini sitaki kimkute mwingine, halafu najua humu ndani wapo wenye uzoefu kuliko mimi, kwa hiyo tupeane.

Nina steshenari hapa Morogoro, kompyuta 4, printa na mashine ya fotokopi. Dirisha la maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) likifunguliwa vijana wanajaa tangu asubuhi, wengine wanatoka Kilosa huko na vyeti kwenye bahasha. Sasa siku moja kijana kakaa mashine namba 3, kaandika kule juu jina la tovuti anayoitaka, mimi nimesimama nyuma yake, ukurasa uliokuja sio Google. Ni kitu kingine kabisa, jina sijawahi kuliona, majibu matatu ya kwanza yote matangazo, na la kwanza linafanana na fomu ya mkopo mpaka rangi, linataka namba ya simu na ulipie ada. Nikamwambia dogo ishia hapo hapo usijaze kitu.

Nikafungua chrome://extensions, ukurasa wa Chrome unaoorodhesha ekstensheni zote. Nikakuta 11. Niliyokumbuka kuiweka kwa mkono wangu ni 1. Zilizobaki wameweka wateja, ya kugeuza picha kuwa PDF, ya kushusha video, ya hali ya hewa, vitu hivyo. Nikawa nazima moja nafungua ukurasa, nazima nyingine nafungua, mpaka nikaipata, ni ile ya PDF. Nikabofya maelezo yake kuona ruhusa iliyopewa: kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Wakuu niliganda. Kila fomu iliyojazwa pale, namba ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mtihani wa form four, paswedi ya barua pepe, ile kitu ilikuwa na uwezo wa kuviona vyote. Sisemi ilivichukua, ushahidi sina, lakini hao watoto wa watu walikaa kwenye kiti changu wakiniamini.

Siku hizi mashine za wateja zina brauza ya Firefox, wanatumia dirisha la faragha tu ambalo ukilifunga linafuta historia na kumbukumbu za kulogin, na ekstensheni ni moja, uBlock Origin, ya kuzuia matangazo. Angalizo, ukiiweka haifanyi kazi yenyewe kwenye dirisha la faragha, lazima uingie kwenye setingi zake uiruhusu. Na anayetaka PDF namwonesha Ctrl+P halafu unachagua kuhifadhi kama PDF badala ya printa. Ilikuwepo siku zote, hakuna haja ya kuongeza kitu.

Haya na nyie, mmeweka nini, na mlijutia nini.

Mwandishi wa Nakuru

Asante sana ndugu kwa hii. Mimi niko Nakuru, kazi yangu ni kuandika makala za wateja online, kwa hivyo brauza kwangu ndio shamba, nashinda humo kutoka asubuhi mpaka usiku. Niko na mbili tu ambazo siwezi kuachana nazo.

Ya kwanza ni Bitwarden, ya kutunza paswedi. Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana nilitumiwa email eti mteja ameshea dokumenti, nikabofya, ikaja page ya kulogin ile tunayoijua sote, logo iko sawa, maandishi yako sawa, mpaka ile picha ya nyuma. Nikangoja Bitwarden ijaze kama kawaida yake, haijazi. Ile ikoni yake huwa inaonyesha kanamba ka akaunti ulizo nazo kwa hiyo tovuti, siku hiyo hakuna namba. Nikaanza kuilaumu, nikadhani imeharibika, nikataka kukopi paswedi niibandike mwenyewe. Kidole kiko kwa kibodi tayari, ndio nikainua macho nikasoma anwani kule juu, ilikuwa na herufi moja imeongezwa katikati. Mimi jicho langu lilikuwa limedanganyika kabisa, lakini ile programu haiangalii sura ya ukurasa, inalinganisha anwani. Ningepoteza akaunti za wateja 3 siku hiyo.

Ya pili ni Multi-Account Containers ya Mozilla wenyewe, iko Firefox peke yake. Kila mteja nampa rangi yake, akaunti yake haichanganyiki na ya mwingine, hata Facebook nimeifungia kwa rangi yake ili isinifuate kila mahali ninaposoma. Kabla ya hapo niliwahi kutuma kazi ya mteja mmoja kutoka kwa akaunti ya mwingine, na huyo mteja nilimpoteza.

Binti wa UDOM

Mimi laptop sina jamani natumia simu, kwa hiyo yangu ni ya bando. Wengi hawajui kwamba Chrome ya kwenye Android haipokei ekstensheni, mtu anahangaika kutafuta haioni, wakati Firefox ya Android inapokea, na tangu Desemba 2023 wameachia nyingi sana, zamani zilikuwa za kuhesabu. Mimi nimeweka uBlock Origin tu. Zile tovuti za magazeti na za matokeo ya mpira ambazo ukifungua unasogeza matangazo manne ndio uone habari, na video inajiwasha yenyewe inakula MB, sasa hivi zinafunguka maandishi matupu. Halafu ndani ya setingi zake kuna sehemu ya kuzuia picha na video zinazozidi KB fulani, unaandika namba mwenyewe, mimi nimeweka 100, ikifika mahali pa picha kubwa inaacha nafasi, nikiitaka naigusa ndio inakuja. Bando la wiki siku hizi linanifikisha Jumapili.

Kitu kimoja tu cha kuwaambia, kuna siku nalipia ada, ukurasa wa kutoa kontroli namba (namba ya kulipia) ukagoma, unazunguka tu, nikadhani mtandao, kumbe ni uBlock imezuia kitu ambacho ule ukurasa unakihitaji. Unafungua uBlock unagusa kile kitufe kikubwa cha kuzimia, inazima kwa tovuti hiyo peke yake, unafungua upya. Namba ikatoka. Kwa hiyo ukurasa wa malipo ukigoma msianze kutukana mtandao, jaribuni hiyo kwanza.

Mtu wa Seva, Dar

Uzi mzuri sana huu. Niongezee upande wa kiufundi kidogo kwa sababu naona jina uBlock Origin linatajwa na watu wataenda kutafuta sasa hivi.

Kwanza, iliyo halali ni uBlock Origin ya Raymond Hill, ipo tangu 2014, haina malipo, na mwenyewe hapokei hata michango. Kuna nyingine inaitwa uBlock bila hilo neno Origin, hiyo ni kitu kingine, msichanganye. Pili, kwenye Chrome ile kamili haifanyi kazi tena. Google walibadilisha mfumo wa ekstensheni, unaitwa Manifest V3, na kufikia 2025 zile za mfumo wa zamani zikazimwa. Ukiwa Chrome unapata uBlock Origin Lite, ambayo ni ya mtu huyo huyo, inazuia matangazo vizuri tu lakini uwezo wake umepunguzwa. Ukitaka kamili nenda Firefox. Mimi nilihama kwa sababu hiyo na ofisini nimehamisha kila mtu aliyenikubalia.

Sasa kubwa kuliko zote. Watu mnaangalia nyota na idadi ya waliopakua siku ya kuweka, basi, mkishaweka hamuangalii tena. Ekstensheni inajiapdeti yenyewe kimya kimya na inaweza kuuzwa. The Great Suspender ilikuwa inapendwa na watu wengi mno, ilikuwa inalaza kurasa usizozitumia ili kompyuta isielemewe, na ilikuwa safi kweli. 2020 mwenye nayo akaiuza kwa watu wasiojulikana, Februari 2021 Google wakaizima kwenye kompyuta za watu wakisema ina programu hasidi. Nano Adblocker, ya kuzuia matangazo, nayo iliuzwa Oktoba 2020 na haikuchukua muda ikaanza kuchezea akaunti za watu. Na hata isipouzwa, Desemba 2024 siku ya mkesha wa Krismasi kampuni ya Cyberhaven, ambayo ni kampuni ya ulinzi wa data, mfanyakazi wake alitapeliwa kwa email ya kughushi (phishing), wezi wakapata njia ya kupandisha apdeti yenye sumu, ikaenda moja kwa moja kwa watumiaji wao. Hapo mtumiaji hajakosea popote. Ndio maana mimi nasema chache. Kila unayoiongeza ni mtu mwingine ambaye inabidi asiibiwe, asiuze na asibadilike.

VPN za bure za ekstensheni, zile za kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta nyingine ili kuficha anwani yako, naomba mziogope. Hola mwaka 2015 iligundulika inauza intaneti ya watumiaji wake, yaani mtu wa mbali anapita kwenye laini yako wewe, akifanya uhalifu anwani inayoonekana ni yako.

Na nyingine hazihitajiki tena, HTTPS Everywhere ya EFF (shirika la kutetea haki za watu mtandaoni), iliyokuwa inafungua tovuti kwa njia salama ya HTTPS, ilifanya kazi kubwa tangu 2010 lakini wenyewe wameifunga kwa sababu brauza kubwa sasa zina setingi ya HTTPS pekee, washa hiyo. Kama unataka ya EFF iliyo hai ipo Privacy Badger, inakata vile vinavyokufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine, haikusumbui na haihitaji kujua lolote.

Bi Mtarjimu, Muscat

Asalaam aleikum wenzangu. Mie ni Mzanzibari niko Muscat, kazi yangu kutarjimu hati za watu Kiarabu kuja Kiswahili na Kiingereza, vyeti vya kuzaliwa, talaka, hukumu za mirathi. Hati za siri za watu hizi.

Nilikuwa na ekstensheni ya kusahihisha maandishi, nikiipenda mno, inanikosoa hapa na pale. Hata siku mwanangu wa kiume, yeye ndo asomaye mambo haya, akaniuliza, mama, hii inajuaje umekosea? Nikamwambia inasoma. Akaniuliza, inasomea wapi? Tukafungua masharti yake tukakaa nayo sote wawili, imeandikwa wazi kuwa maandishi yanapelekwa kwenye kompyuta zao huko. Basi talaka ya mtu niliyoaminiwa mie nimeshaipeleka nje kwa mkono wangu, sentensi kwa sentensi, mwaka mzima. Usiku ule sikulala vyema. Niliitoa alfajiri.

Nnayoitumia sasa ni SingleFile, inahifadhi ukurasa mzima na picha zake kuwa faili moja, naweka kanuni na istilahi za wizara kwenye flashi nasoma bila ya mtandao. Na ya kamusi nimeibakisha lakini mwanangu ameniwekea isifanye kazi mpaka niibofye. Bofya kulia kwenye ikoni yake, utaona sehemu ya ruhusa za tovuti, hapo unachagua. Chrome inayo hiyo, wengi hawaijui.

Fundi wa Steshenari

Bi Mtarjimu umenigusa, hilo la bofya kulia sikulijua, nimelifanya sasa hivi kwenye mashine yangu ya kazi. Mtu wa Seva shukrani sana mkuu.

Mstaafu wa Bukoba

Vijana nawasalimu. Nimesoma yote nikaenda kufungua hiyo chrome://extensions kama mlivyoelekeza. Ninazo 9, na 5 sizijui zimeingiaje, labda wajukuu. Nimezitoa hizo 5, nimebaki na 4. Sasa mbona pembeni chini bado vinatokea vikaratasi vya kuniambia kompyuta ina virusi 6 nibofye nisafishe? Vinatokea hata nikiwa sijafungua tovuti yoyote.

Mtu wa Seva, Dar

Shikamoo mzee wangu. Usivibofye kabisa hivyo, hakuna virusi 6, ni tangazo. Na hiyo haitoki kwenye ekstensheni. Kuna siku tovuti fulani iliuliza kama unaruhusu arifa na mtu akabofya ruhusu, wengi wanabofya wakidhani ndio njia ya kuendelea kusoma. Ingia setingi za Chrome, faragha na usalama, halafu setingi za tovuti, halafu arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Usizozijua ziondoe zote, halafu hapo hapo juu chagua tovuti zisiruhusiwe kuuliza tena.

Mstaafu wa Bukoba

Marahaba. Nimezikuta 14, moja ya filamu na nyingine majina ya herufi tupu yasiyosomeka. Nimeziondoa moja moja. Nimekaa hapa tangu saa kumi mpaka sasa saa moja hakijatokea hata kimoja. Kesho akija mjukuu naomba anibadilishie iwe Firefox na hiyo uBlock Origin, nimeandika jina kwenye karatasi, ya Raymond Hill.