Oili chafu kwenye udongo: sabuni imenisaidia au imeniharibia?

Fundi wa Dizeli:
Habari wakuu. Nina gereji Morogoro. Nyuma ya banda kuna sehemu tuliyokuwa tunamwaga oili chafu kabla sijaanza kuiweka kwenye mapipa. Udongo umekuwa mweusi, ukimwagia maji yanateleza kama juu ya jani la mgimbi. Jamaa akaniambia nimwage sabuni ya unga, eti bakteria wataila oili haraka. Nikagawa vipande viwili. Vyote nikatia samadi na pumba, nikawa navipindua kila Jumamosi na kuvinyunyizia maji. Kimoja nikakiongezea ndoo tatu za maji ya sabuni, nzito kwelikweli. Leo miezi minne: kisicho na sabuni magugu yanachomoza. Cha sabuni hakina hata jani, na kimekauka kama tofali. Nimekosea wapi?

Bi Maabara:
Kipimo, mkuu. Bakteria wanaishi kwenye maji na oili haiyeyuki majini, kwa hiyo wengi wanaila pale ukingoni inapokutana na maji. Sabuni kidogo inaivunja kuwa vitone, ukingo unaongezeka. Wapo hata wanaojitengenezea sabuni yao: Pseudomonas aeruginosa hutoa ramnolipidi, na safaktini ya Bacillus subtilis hushusha mvutano wa uso wa maji (nguvu inayoyafanya yajikunje kuwa matone) kutoka 72 hadi kama 27 milinyutoni kwa mita.

Ikizidi, mambo yanageuka. Sabuni inatoboa utando wa bakteria wenyewe. Wale wanaojishikiza kwenye kitone cha oili inawabandua. Na waliobaki huenda wakaanza na sabuni, kwa sababu ni laini kuliko oili. Wawekee mafundi wako chapati na dona uone kipi kitaisha kwanza.

Mzee wa Pwani:
Mbona Alaska mwaka 1989, ile meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta baharini, walipulizia dawa ufukweni na bakteria wakafanya kazi?

Bi Maabara:
Walipulizia, mzee wangu, ila hiyo dawa, Inipol EAP 22, ilikuwa mbolea yenye kushikamana na mafuta. Ina kiambato cha jamii ya sabuni, lakini bakteria wa pale walikuwa na njaa ya nitrojeni, na mbolea ikawapa. Hiyo ndiyo kazi ambayo samadi ya fundi inafanya.

Fundi wa Dizeli:
Sasa nikisuuze kwa maji mengi?

Bi Maabara:
Usithubutu! Oili iliyokwisha kulegezwa na sabuni itashuka nayo chini. Kuna kisima karibu?

Fundi wa Dizeli:
Cha jirani, hatua ishirini hivi.

Bi Maabara:
Basi acha kabisa. Huo utofali ni sodiamu ya sabuni, imevuruga udongo wa mfinyanzi. Changanya jasi na mboji, pindua hewa iingie, maji ya kulowanisha tu. Na usipande chakula hapo hata magugu yakistawi: oili ya injini ina zinki na metali nyingine, na hizo hakuna bakteria wa kuzimaliza.

Fundi wa Dizeli:
Dah. Mama watoto alishanunua mbegu za mchicha. Umeota mbawa.