Tunavuka bahari kufuata nini, na mpira unaonyeshwa nyumbani?

Mkaazi wa Mkoani:
Assalaam alaykum. Tarehe 25 Mei 2025, Simba ilipomkaribisha RS Berkane ya Morocco katika Uwanja wa Amaan kwa mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, nilipanda boti kutoka Pemba ilhali kusi limeshaanza kuvuma, na mkondo wa Nungwi ukanitapisha mpaka nikajuta. Uwanjani nilikaa nyuma ya goli. Simba ikatangulia, Berkane ikasawazisha mwishoni, ikawa 1-1, na kombe likaondoka kwa jumla ya mabao 3-1. Niliporudi, mama aliniuliza nilifuata nini, nami nikakosa jibu. Wenzangu mngemjibu vipi?

Jirani wa Gombani:
Wa alaykum salaam. Mimi naona mpira hutupa ruhusa ya safari ambayo tumeiahirisha miaka. Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezwa huku kwetu Gombani, walinijia jamaa tisa kutoka Unguja, wakalala juu ya mikeka ukumbini, na miongoni mwao alikuwamo binamu yangu ambaye hata arusi ya mwanangu aliikosa kwa kisingizio cha kazi. Zanzibar Heroes ilipoifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali, yeye ndiye aliyelia kuliko sote. (Mchele ulikwisha siku ya pili, lakini hilo si la kusemwa mbele ya wageni.)

Mpenda Fahali:
Kwa heshima, ndugu yangu, sikubaliani. Kwenye mchezo wa ng'ombe wa hapa Pemba, ambao husemwa kuwa tumeachiwa na Wareno, watu huja kutoka vijiji vya mbali na wala hawana jamaa wa kumzuru. Fahali hauawi, naye hufungwa kamba ndefu. Lakini zumari likishalia na akageuka upande uliosimama wewe, unapima urefu wa ile kamba kwa macho huku miguu imeshaanza kurudi nyuma. Hofu hiyo huipati ukiwa umekaa kitandani.

Mkaazi wa Mkoani:
Ahsanteni. Mmenikumbusha jambo. Tulipokuwa tukitoka langoni, mzee mmoja mwenye jezi nyekundu, asiyenijua wala nisiyemjua, alinishika mkono, tukaenda hivyo hadi kituo cha daladala bila ya yeyote kati yetu kusema neno. Nadhani mama nitamsimulia hilo.